Shangazi, Bajia na Sapu Yangu ya Hisabati

Juzi binti mmoja wa mwaka wa pili kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata sapu (mtihani wa marudio) ya fanksheni zenye vigeu vingi, yaani zile za herufi zinazobadilika kama x na y. Zenye kigeu kimoja naelewa, vikiwa viwili tu natoka jasho. Wewe ulitokaje?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako umenikuta barazani hapa Ngamiani, na kidonda nilichodhani kimepona kikaanza kuwasha.

Maana hata mimi nilipigwa sapu ya somo hilohilo, na si kwa uvivu, hilo naomba lieleweke. Nilikesha. Ila mada ile kichwani mwangu ilikuwa waja leo waondoka leo: usiku inaingia, asubuhi haipo.

Swali lililonimaliza ni hili: z = x² + y² + 3xy. Pale x na y zote zikiwa sifuri, pana nini? Nikaifanya y sifuri, ikabaki x², bakuli. Nikaifanya x sifuri, ikabaki y², bakuli tena. Nikaandika kwa kujiamini kwamba hapo ndipo chini kabisa. Mwalimu akanichorea mkasi mwekundu, pembeni akauliza, "Na 3xy uliiacha nyumbani?" Kisha akalisoma jibu langu mbele ya darasa. Watu walicheka mpaka wa nyuma wakasimama kuona ni nani.

Likizo nikarudi Tanga. Shangazi ana kijiwe cha chai na bajia, nami nikajifanya mtaalamu. Chai ilikuwa shilingi 500, bajia 100. Nikamwambia tuache kubahatisha, tupime. Wiki moja nikapandisha chai, bajia palepale: faida ikapungua. Nikashusha chai: ikapungua. Nikahamia kwenye bajia. Kupandisha hasara, kushusha hasara. Nikamtangazia: "Shangazi, bei zako ziko kileleni. Usiguse kitu."

Akanitazama. "Haya baba."

Nikaenda Pangani siku chache. Niliporudi nakuta chai 600, bajia mbili kwa 150, na benchi limejaa mpaka wengine wanakunywa wamesimama. Nikauliza kulikoni. Akajibu huku anageuza bajia, "Anayefuata bajia rahisi hali kavukavu, mwanangu."

Usiku ule sikulala. Nikatoa karatasi ya mtihani, nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: badala ya kutembea juu ya mhimili, yaani mstari wa x peke yake au wa y peke yake, nikakata kona. Nikaweka y = −x. Ikatoka x² + x² − 3x², yaani −x². Inashuka! Lile bakuli nililoliapia lilikuwa limepasuka pembe kwa pembe. Na kijiwe cha shangazi ni hesabu hiyohiyo imepinduliwa: kila bei peke yake inakwambia uko juu, lakini ukipandisha moja na kushusha nyingine, bado kuna mlima.

Mahali kama hapo huitwa tandiko. Kama tandiko hulijui, fikiria njia inayopita kati ya vilele viwili kule Usambara. Anayevuka anasema amefika juu, sasa anateremka. Akigeuza shingo kushoto na kulia, anaona yuko chini na milima imempanda pande zote mbili. Ardhi ni ileile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usipime mhimili mmojammoja ukadhani umemaliza. Wa pili ni huohuo, nimeurudia makusudi. Kiini kiko kwenye ile xy, pale vigeu vinaposhikana mikono. Ingekuwa x² + y² + xy, bakuli lingebaki bakuli. Ingekuwa 2xy ungepata (x + y)², mfereji ambao sakafu yake haipandi wala haishuki. Namba ya mbele ya xy ikizidi 2, tandiko. Namba moja tu, na kitu kinabadilika jinsi.

Kipimo chenyewe utakikuta kwenye notisi zako, kimetokana na matriksi (jedwali la namba) yenye jina la Otto Hesse, Mjerumani wa karne ya 19. Tafuta kwanza mahali ambapo mteremko ni sifuri kwa x na kwa y. Kisha D = fxx·fyy − (fxy)², ambapo fxx ni kutafuta mteremko kwa x mara mbili, fyy kwa y mara mbili, na fxy kwa x kisha kwa y. Kwenye swali langu ni 2 × 2 − 3², sawa na −5. D ikiwa hasi ni tandiko, hakuna mjadala. Ikiwa chanya, tazama fxx: chanya ni bakuli, hasi ni kilima. Ikiwa sifuri, kipimo kimenyamaza, na hapo ndipo vijana wa siku hizi mnapojaza chochote. Msijaze! x⁴ + y⁴ na x⁴ − y⁴ zote zinatoa sifuri pale katikati, ya kwanza bakuli, ya pili tandiko.

Tena hata kukata kona kuna mipaka yake. Mwaka 1884 Mwitaliano Giuseppe Peano alitoa mfano unaofanana na huu: (2x² − y)(y − x²). Pita katikati kwa mstari wowote ulionyooka, utaona kilima. Mistari yote, bila kubakiza. Sasa pinda kidogo, fuata y = 1.5x². Utapata 0.25x⁴, inapanda. Siku nilipoihakiki kwa mkono wangu ndipo nilipoacha kumchukia yule mwalimu. Kwa kiasi.

Sapu nilifaulu. Safari hii pembeni hapakuandikwa kitu.

Shangazi naye tangu mwezi uliopita ameongeza mihogo ya kukaanga. Vigeu vitatu sasa, matriksi ya tatu kwa tatu. Nimesubiri aniombe ushauri, hajaniomba.