Kutu ya Mpanda na madini yaliyo chini yake: shaba, risasi na zinki husomwaje?

Swali: Sisi ni kikundi cha wachimbaji wadogo katika Mkoa wa Katavi, si mbali na mji wa Mpanda, na tuna leseni ndogo ya uchimbaji ya hekta 10. Tulikuwa tukifuata dhahabu, lakini juu ya kilima kidogo tumekuta mwamba wa kutu wenye madoa ya kijani, unaotokeza kwa vipande katika umbali wa mita 150 hivi. Fundi mwenye kipimo cha mkononi cha XRF (kinachosoma metali kwa mwale wa eksirei) alisoma jiwe moja akapata chuma asilimia 38, risasi 6.8, shaba 4.1, arseniki 1.9 na zinki 0.05. Wenzangu wanataka tushushe duara (shimo la wima la kuchimbia) la mita 40 mahali penye kijani kingi. Je, shaba hiyo ni ya kweli, na je, hapa hakuna zinki?

Jibu: Ndugu msomaji, shaba mliyoisoma ni ya kweli kwa jiwe lile na kwa doa lile lililopigwa na mwale, lakini haiwaambii kiwango cha shaba kilichopo mita 40 chini. Zinki nayo, kutoonekana juu si ushahidi kwamba haipo. Mlichokiokota kinaitwa gosani, yaani mabaki ya salfaidi (madini ya metali iliyoungana na salfa) zilizooza kwa hewa na mvua, na kila metali ina tabia yake wakati wa kuoza huko.

Mahali mlipo panatoa sababu nzuri ya kulichukulia jiwe hilo kwa uzito. Mpanda imo katika ukanda wa Ubendi, miamba iliyokunjwa na kupasuliwa karibu miaka bilioni 2 iliyopita, ambayo mipasuko yake mikuu inaelekea kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki. Maji ya moto yaliyopita katika mipasuko hiyo yaliacha mishipa ya kwatzi yenye dhahabu, shaba, risasi na fedha. Mgodi wa Mukwamba, uliofungwa mwaka 1960, ulikuwa ukichimba risasi ya mishipa ya namna hiyo, na tawi la reli linalotoka Kaliua kuja Mpanda lilijengwa kwa ajili yake. Kwa hiyo risasi na shaba katika jiwe moja si jambo geni kwenu. Jambo la kwanza la kupima, kabla ya kiwango chochote, ni kama vipande vya kutu katika zile mita 150 vinafuata mstari mmoja, na kama mstari huo unakubaliana na mwelekeo wa mipasuko ya eneo.

Sasa niieleze kutu yenyewe, kwa sababu jibu la swali lenu limo humo. Salfaidi ya kawaida kuliko zote ni pairaiti, yenye chuma na salfa. Maji ya mvua yenye oksijeni yakiifikia, salfa hugeuka kuwa asidi ya salfa, na chuma hubaki kama kutu. Asidi hiyo huzishambulia salfaidi za jirani. Sfalaraiti, ambayo ndiyo madini makuu ya zinki, ikishambuliwa hutoa salfati ya zinki inayoyeyuka kwa urahisi mno, ikaenda na maji hadi bondeni. Ndiyo maana gosani iliyozaliwa na mshipa wenye zinki asilimia 8 inaweza kusomeka karibu na sifuri. Galena, salfaidi ya risasi, hufanya kinyume: salfati na kabonati ya risasi hazikubali kuyeyuka, hivyo risasi hukaa pale pale ilipokuwa, na pengine kiwango chake huonekana kikubwa kuliko cha asili kwa kuwa vingine vimeondoka. Dhahabu nayo kwa kawaida hubaki.

Shaba iko katikati ya tabia hizo mbili, na ndiyo inayowadanganya wengi. Huyeyuka na kushuka, lakini ikikutana na kabonati njiani huganda kama malakaiti, ile rangi ya kijani iliyowavutia wenzako. Malakaiti inaweza kuganda katika ufa ulio mita kadhaa kutoka kwenye mshipa ulioizaa, kwa hiyo mahali penye kijani kingi panaweza kuwa pembeni kabisa mwa mshipa. Shaba iliyobaki majini huendelea kushuka hadi kwenye usawa wa maji ya ardhini, ambako oksijeni imekwisha, na hapo hujibandika juu ya salfaidi mbichi na kufanya kalkosaiti, madini ya kijivu-cheusi yenye shaba karibu asilimia 80. Chini ya tabaka hilo ndipo mnapokuta madini ya asili, kwa kawaida kalkopairaiti yenye shaba asilimia 34.6 tu. Mwamba wenye kalkopairaiti asilimia 5 ya uzito wake una shaba asilimia 1.7. Nimewahi kuona kikundi kikishusha duara, kikakuta mita tatu za jiwe jeusi zito, kikakopa fedha kwa kutegemea mita hizo, kisha kiwango kikashuka mara moja walipolipita tabaka la kalkosaiti. Mwamba haukuwa umewaficha kitu. Walikuwa hawajajua wako tabaka gani.

Rudini kwenye jiwe lenu, mlivunje kwa nyundo, mkaangalie ndani kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Salfaidi ikioza huacha vyumba vidogo vyenye kuta za kutu, kama sega la nyuki lililokauka. Pairaiti huacha matundu ya mraba. Galena hupasuka kwa pande tatu zinazokutana kwa pembe mraba, hivyo huacha vyumba vilivyopangwa kama ngazi, na mara nyingi katikati ya chumba hukutwa kipande kidogo cha galena ambacho hakijaisha kuoza, cha kijivu king’avu, kilichozungukwa na ganda jeupe au la kijivu la salfati na kabonati ya risasi. Mkipata ganda hilo, mnajua risasi yenu imezaliwa hapo hapo. Kutu isiyo na vyumba, laini na yenye mistari-mistari, aghalabu ni chuma kilichosafirishwa na maji kutoka kwingine, na hapo msichimbe.

Kuhusu kipimo cha mkononi, nina angalizo moja la kiufundi. Mwale wa risasi na mwale wa arseniki husomwa karibu mahali pamoja kabisa, wa kwanza kwenye 10.55 na wa pili kwenye 10.54 za kipimo chake, yaani kilo-elektroni-volti. Palipo na risasi nyingi kama yenu, arseniki ya asilimia 1.9 inaweza kuwa kivuli cha risasi. Kipimo hicho ni chombo kizuri sana cha kulinganisha jiwe na jiwe, lakini kiwango cha kuuzia au kukopea kitoke maabara, kwa sampuli ya kilo mbili au tatu iliyosagwa na kuchanganywa, dhahabu ikipimwa kwa njia ya tanuri.

Kazi ninayowashauri muifanye kwanza haihitaji mtaji mkubwa. Chukueni ramani ya jiolojia ya eneo lenu kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, kisha mpime kila kipande cha gosani kwa GPS na dira. Halafu chukueni sampuli za udongo katika mistari inayokata mwelekeo wa mshipa, mstari hadi mstari mita 50 na sampuli hadi sampuli mita 25, kutoka chini ya udongo mweusi wa juu, na kuzichekecha ili ipimwe sehemu laini tu. Katika udongo risasi itawaonyesha mshipa ulipo, kwa kuwa haitembei; zinki itawaonyesha zaidi upande wa mteremko na kando ya kijito, na mkiikuta huko ilhali kileleni ni sifuri, swali lenu la pili litakuwa limejibiwa. Baada ya hapo ndipo mchimbe mitaro ya utafiti mitatu au minne kuukata mshipa wote kwa upana, mkachonga sampuli mfululizo kila mita moja pamoja na mwamba wa pande zote mbili, bila kuchagua mawe mazuri. Kuchagua mawe mazuri ndiko kunakoua miradi mingi kuliko upungufu wa madini.

Mitaro ikitoa majibu ya kuridhisha katika angalau sehemu mbili zilizo mbali, gharama ya kuchoronga shimo moja au mawili inastahili, na hapo mtafute mjiolojia wa kusimamia. Nitatoa mfano ili muone kwa nini shimo halichorongwi wima juu ya gosani. Tuseme mshipa unalalia kaskazini-mashariki kwa nyuzi 70 kutoka usawa wa ardhi, na mnataka kuukata mita 60 chini ya ardhi, mahali ambapo mnategemea salfaidi hazijaoza. Katika kina hicho mshipa umesogea mita 22 kaskazini-mashariki mwa gosani. Mashine ikiinamishwa nyuzi 60 kutoka usawa huo kuelekea kusini-magharibi, inabidi isimame mita 56 kutoka kwenye gosani, nayo itaukata mshipa ikifika urefu wa mita 69. Mkikuta mita 2 za madini katika kiini cha mwamba, yaani fimbo ya jiwe inayotolewa na mashine, upana halisi wa mshipa ni mita 1.5, kwa sababu shimo limeukata kwa pembe ya nyuzi 50. Mita 1.5 kwa urefu wa mita 150 na kina cha mita 100, kwa uzito wa tani 3 kwa kila mita ya ujazo, ni tani 67,500. Hicho si kiwango cha mgodi mkubwa, ila kwa kikundi chenye nidhamu ni kazi ya miaka.

Duara la mita 40 haliwezi kuwapa majibu hayo. Likishushwa wima kwenye mshipa unaolala nyuzi 70, litautoka kabla hata ya kulifikia tabaka la salfaidi. Tena salfaidi zinazooza hula oksijeni ya shimo, na mtu hushuka asirudi; msishushe mtu bila kupuliza hewa.

Kama bado mnaitazamia dhahabu, pimeni shaba ya kila rundo kabla ya kulipeleka kwenye sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kwani malakaiti huila sianidi kwa wingi na dhahabu ikabaki kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki. Wala msisage mawe haya nyumbani. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi kutokana na vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi kama yenu. Karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, iwe mbali na makazi na visima, mawe yasagwe yakiwa na maji, na nguo za kazi zibaki kazini. Ikiwa mlishasaga hata gunia moja karibu na nyumba, wapelekeni hospitali watoto walio chini ya miaka mitano, na muombe wapimwe risasi katika damu wiki hii.