Umekabidhiwa funguo za maktaba, uanzie wapi?

Mwalimu, hongera na pole kwa pamoja. Unasema unafundisha Kiswahili sekondari, mkuu amekukabidhi funguo za maktaba, na sasa unataka ukutubi, yaani kazi ya maktaba, uwe fani yako ila humjui mtu yeyote wa huko.

Masomo yapo: chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Lakini usingoje cheti ndipo ujuane na watu. Jumamosi moja nenda maktaba ya mkoa, jitambulishe, na uwe na swali la kazi mkononi. Mimi nilibeba daftari langu la kuazimisha, nikauliza vitabu vya ngano, zile hadithi za jadi, niviweke wapi. Mkutubi akanivuta hadi kwenye rafu, kila somo na namba yake: 398 hadithi za jadi, 510 hisabati, na lebo zote zibandikwe usawa mmoja mgongoni mwa kitabu. (Zangu zilipanda na kushuka kama ngazi.) Mama yule ndiye aliyenipeleka kwenye mkutano wangu wa kwanza wa wakutubi.

Makundi ya WhatsApp yanasaidia, ila wengi huko ni salamu za asubuhi tu.

Kingine, andika kila wiki vitabu vingapi vimetoka na vimekwenda kidato gani. Siku ya kuomba ruhusa ya semina, mkuu ataitazama karatasi hiyo kuliko maneno yako. Na shule jirani, nani ana funguo? Mtafute, mwazimane hata vitabu 20 kwa muhula.