Klorini inaisha kila siku? Pima jioni, pima alfajiri, ndipo ununue dawa

Mkuu mleta uzi, nimekusoma, na waliotangulia kuchangia nimewasoma pia. Kwa anayeingia sasa hivi: jamaa ana bwawa la nyumbani Mbweni, mita 8 kwa 4. Kila asubuhi anatia HTH (klorini ya unga) kabla ya kwenda kazini, akirudi jioni anapima anakuta sifuri. Maji yana ukungu kidogo, watoto wanatoka na macho mekundu, na fundi wake kila akija wimbo ni ule ule, "ongeza dawa". Hapa jukwaani wawili wamemshauri ahamie kwenye vidonge, mmoja kamwambia atie mrututu (kopa salfeti).

Mimi kazi yangu ndiyo hii, mabwawa ya majumbani na ya hoteli ndogo ndogo, kuanzia Kigamboni mpaka Bagamoyo. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba wiki hii usinunue kitu zaidi ya vipimo.

Klorini ikipungua bwawani, ama imeliwa na jua, ama imeliwa na kilichomo ndani ya maji: mwani, jasho, mkojo, majani, mafuta ya mwilini. Dawa ya tatizo la kwanza haitibu la pili, na ndiyo maana "ongeza dawa" ya fundi wako haijafika popote. Kuwatenganisha walaji hao wawili ni kazi ya usiku mmoja. Jua likishazama, tia HTH ya kufikisha kama 5 ppm (kipimo cha wingi wa klorini majini, hesabu yake iko hapo chini), acha pampu izungushe maji saa nzima, kisha pima klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu, uandike. Usiongeze kitu. Alfajiri, kabla mwale wa jua haujagusa maji, pima tena. Usiku hakuna jua, kwa hiyo kilichopungua kimeliwa na uchafu. Kama imeshuka kwa 1 ppm au chini ya hapo, maji yako ni safi na mwizi wako ni jua. Kama imeshuka zaidi, una mwani au uchafu mwingine majini hata kama huuoni. Maji huanza kula klorini siku kadhaa kabla hayajawa ya kijani.

Hesabu ya dawa si ngumu. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Kina hukukitaja, nikikisia upande mfupi ni mita 1 na mrefu mita 2, wastani ni 1.5, basi una mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. ppm moja ni gramu moja ya klorini kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji gramu 48 za klorini tupu. HTH nyingi zimeandikwa asilimia 65 hadi 70 kwenye ndoo, kwa hiyo gramu 75 hivi za unga zinakupandishia ppm moja. Nunua mizani ndogo ya jikoni, iwe ya bwawa tu. "Kikombe kimoja" cha fundi wa leo na cha fundi wa kesho havilingani.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapopotea. Kile kisanduku cha bei rahisi kinachogeuza maji kuwa ya njano kinapima klorini yote kwa pamoja, ile yenye nguvu na ile iliyokwisha kazi. Maji yanaweza kuwa njano kabisa na yasiwe na cha kuua hata bakteria mmoja. Tafuta cha DPD, kile cha waridi. Kidonge namba 1 kinakupa klorini huru, namba 3 kinakupa jumla, tofauti yao ndiyo klorini iliyochoka. Angalia tarehe ya mwisho, na usinunue kilichokaa dirishani mwa duka kikipigwa na jua.

DPD nayo ina kituko chake. Kuna nyumba moja niliitwa, mlinzi ndiye aliyekuwa anahudumia bwawa, na siku nyingi alikuwa anapata sifuri. Kila akipata sifuri anaongeza, na mwenye nyumba analalamika ndoo ya HTH haikai. Nikamwambia apime mbele yangu. Akadondosha kidonge, akakisaga, na nikaona maji yamepiga waridi, sekunde hiyo hiyo yakarudi meupe. Akanionyesha kile kichupa, "unaona bosi, hamna kitu." Klorini ikizidi sana huunguza rangi ya kipimo chenyewe. Nikachukua sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tisa za maji ya chupa ya dukani, nikapima, nikazidisha kwa kumi. Ilikuwa zaidi ya 20. Kwa hiyo mkuu, sifuri yako ya jioni kabla hujaiamini, angalia kama rangi inapiga na kupotea. Wewe unapima baada ya kutwa nzima ya jua, nadhani sifuri yako ni ya kweli, ila hakikisha.

Tuseme kipimo cha usiku kimeonyesha ni jua. Hii ndiyo nayoihisi kwako, maana HTH haina kinga yoyote ya jua. Kwenye maji yasiyo na kinga, jua letu la pwani linaweza kumaliza nusu ya klorini ndani ya saa moja tu. Unatia saa moja asubuhi, ikifika saa nane mchana watoto wanaogelea kwenye maji matupu. Kinachokosekana ni stabilaiza, yaani asidi ya sianuriki. Madukani wengine wanaiita kondishna. Inaishika klorini isiunguzwe na kuiachia kidogo kidogo. Lenga 30 hadi 50 ppm. Kwa bwawa la ujazo wako, kutoka sifuri hadi 30 ni kilo 1.4 hivi. Usiimwage sakafuni, inayeyuka polepole mno. Tia kwenye soksi kuukuu, ining'inize mbele ya tundu linalorudisha maji, iminye mara kwa mara. Na usioshe filta ya mchanga wiki hiyo ya kwanza. Kuanzia hapo hamishia dozi yako jioni badala ya asubuhi, dawa ipate usiku mzima wa kufanya kazi bila jua.

Lakini stabilaiza haiondoki. Jua haliigusi, haipai na mvuke. Inatoka pale tu maji yanapotoka. Hapo ndipo nawapinga kwa heshima wakuu waliosema hamia kwenye vidonge. Vile vidonge vikubwa vya gramu 200 vilivyoandikwa TCCA 90 vina stabilaiza ndani yake. Kwa bwawa la mita za ujazo 48, kidonge kimoja kinaleta klorini kama 3.75 ppm na stabilaiza zaidi kidogo ya 2 ppm. Inaonekana ndogo. Weka vitatu kwa wiki, miezi mitatu umeshapita 80, na bado unaendelea. Klorini inayohitajika inapanda sambamba na stabilaiza: kanuni tunayotumia ni klorini huru isipungue asilimia 7.5 ya stabilaiza. Ukiwa na 40, unatakiwa usishuke chini ya 3. Ukiwa na 200, hata 10 haikutoshi.

Kuna mzee mmoja Bahari Beach alikuwa ametumia vidonge peke yake miaka nenda miaka rudi. Bwawa la kijani, kipimo cha klorini kinasoma 3, na ameshabadilisha mafundi kwa hasira. Stabilaiza hupimwa kwa kichupa kirefu chenye doa jeusi chini: unachanganya maji na dawa yake yanakuwa meupe, unamimina taratibu mpaka doa lisionekane tena, unasoma mstari. Kwake doa lilipotea kabla sijafika hata robo ya kichupa, yaani stabilaiza ilikuwa imezidi mno. Hapo hakuna dawa ya kuuziwa, ni kutoa maji na kuingiza mengine. Vidonge si vibaya, mimi mwenyewe naviacha kwa mteja anayesafiri, wiki mbili tatu. Kuvifanya chakula cha kila siku ndiyo shida.

Na ukitoa maji, usimwage bwawa lote. Huku kwetu maji ya ardhini yako karibu, hasa masika. Bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini, likanyanyuka au kupasuka sakafu. Toa theluthi, jaza, pima, rudia. Ukijaza kwa boza, uliza maji yametoka wapi. Ya visima vingi vya pwani yana chumvi na ugumu, na mengine yana chuma: unamimina safi, ukitia klorini yanageuka chai ya rangi mbele ya macho yako. Hayo hayajaharibika, chuma kimeungua tu. Endesha filta mfululizo, osha mchanga wake, yatatulia.

Sasa kama kipimo cha usiku kimeshuka sana, una kazi nyingine. Pandisha klorini hadi asilimia 40 ya stabilaiza yako, yaani kwa stabilaiza ya 40 ppm ni klorini 16 ppm, ambayo kwako ni kilo 1.2 ya HTH kama unaanzia sifuri. Kosa la wengi ni kuipiga mara moja Jumamosi, kisha kuiacha ishuke. Inatakiwa ishikiliwe juu: pima asubuhi na jioni, rudishia kilichopungua, piga brashi kuta na nyuma ya ngazi na ndani ya tundu la taa, pampu isizimwe. Acha pale tu maji yamekuwa angavu, klorini iliyochoka haizidi 0.5, na usiku haishuki zaidi ya 1 ppm. Vyote vitatu. Siku hizo watu wasiingie.

Mrututu: unaua mwani kweli, haubishaniwi. Lakini haukupi kinga ya kuaminika dhidi ya vijidudu vya kuharisha, unaacha madoa ya bluu ukutani, na nywele za rangi ya dhahabu zinageuka kijani (mwenye hoteli Paje atakuambia wageni wanavyochachamaa). Shabu ni habari nyingine. Hiyo inashusha chini vumbi linaloelea, halafu unalivuta kwa vakyumu moja kwa moja kwenda nje bila kupitia filta. Inasafisha mwonekano wa maji, haiui kitu.

Macho mekundu ya watoto. Kila mzazi anadhani klorini imezidi. Mara nyingi ni kinyume. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inakuwa kloramini, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha halinuki hivyo. Waoge kabla ya kuingia, waende chooni kwanza, na aliyejipaka mafuta ya nazi aoge kwa sabuni, maana mafuta yale yanakula dawa na kuacha mstari kwenye vigae. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa: klorini inaua E. koli ndani ya dakika moja, lakini kijidudu cha kriptosporidiamu kinadumu zaidi ya wiki kwenye maji yenye 1 ppm. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, inataka klorini huru angalau 1 ppm, na angalau 2 ppm ukiwa na stabilaiza.

Angalia na pH. HTH huipandisha, vidonge huishusha. Iweke 7.2 hadi 7.6. Bila stabilaiza, pH 7.5 nusu ya klorini yako iko katika hali ya kuua, ikifika 8.0 imebaki robo. Ya juu inashushwa kwa asidi, kidogo kidogo, upande wenye kina pampu ikizunguka. Ya chini inapandishwa kwa soda eshi, ile inayochimbuliwa Ziwa Magadi kule Kenya na kuchomwa kiwandani. Si magadi ya gengeni ya kulainishia maharage, yale yana udongo na utalia na filta.

Usalama, na hapa sitanii. Maji kwanza kwenye ndoo, kisha HTH, kamwe si kinyume. Kopo la HTH lisichote vidonge, wala vidonge visiwekwe kwenye kifaa kilichokuwa na HTH: viwili hivyo vikichanganyika, hasa penye unyevu, vinaweza kuwaka au kulipuka. HTH na asidi zikigusana zinatoa gesi ya klorini, na nimeona stoo ambamo ndoo hizo mbili zimebebana. Zitenganishe leo.

Mkuu, rudi hapa na namba sita: kina cha pande zote mbili, klorini huru ya jioni, ya alfajiri, pH, na stabilaiza. Andika pia asilimia iliyo kwenye ndoo yako ya HTH na pampu inazunguka saa ngapi kwa siku, nikukokotolee dozi. Na kama fundi wako yupo humu, namkaribisha na yeye alete vipimo vyake.