Elfu Tano ya Muhuri

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Moshi. Tunasaga unga wa lishe na kuuza sokoni. Tumeomba mkopo unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, na kila mwanachama ametakiwa kupeleka barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mtaa. Mtendaji aliiandika barua yangu vizuri, kisha akaushika muhuri mkononi, akavuta droo nusu na kukaa kimya. Nilipomuuliza, alisema ni shilingi 5,000 ya karatasi na wino. Nililipa, sikupewa risiti, na sasa wenzangu wanaambiwa hivyo hivyo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa ukoo ni baba yangu mdogo, akanijibu, “Mwanangu, mpeni tu, mambo yaishe.” Je, pesa hiyo ni halali? Na nikilalamika, sitaonekana nimemshtaki mzee wangu?
— Katibu wa kikundi, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Kwa jinsi ulivyoeleza, pesa hiyo si halali. Ada yoyote anayotozwa mwananchi na halmashauri lazima iwe na msingi katika sheria au sheria ndogo, ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali au kwa mashine ya POS, na mlipaji apewe risiti inayoonyesha kiasi na sababu ya malipo. Fedha inayoingia kwenye droo bila risiti haiingii katika hesabu za manispaa, haikaguliwi na mtu yeyote, na kesho inaweza kuwa elfu kumi bila kikao chochote kuamua hivyo. Kama ofisi ya mtaa haina karatasi, na najua ofisi nyingi hazina, mwenye wajibu wa kuzinunua ni halmashauri, wala si mama anayeomba kuthibitishiwa kwamba anaishi pale anapoishi.

Jambo hili linaniumiza zaidi kwa sababu ya aina ya mkopo mnaoufuata. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo ya ndani ni pamoja na ushuru mnaoutoa ninyi wenyewe pale sokoni. Mama aliyekwisha kulipa ushuru wake hapaswi kununua tena njia ya kuufikia mkopo uliotokana nao.

Sasa nani awajibishwe, na nani amwajibishe? Hapo ndipo malalamiko mengi hupotea, kwa kuwa tunawaweka mtendaji na mwenyekiti katika kapu moja. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Mwenye mamlaka ya kumchukulia hatua za nidhamu ni Mkurugenzi wa Manispaa, na kumlalamikia kwa jirani, kwa balozi au hata kwa mwenyekiti hakumgusi mahali popote. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi kwa miaka mitano, na mahali pa kumhoji ni mkutano wa wakazi wa mtaa, mbele ya watu waliompigia kura. Mzee wako, kwa hiyo, hashtakiwi na barua itakayokwenda kwa mkurugenzi kuhusu mtendaji. Hata hivyo, nisingependa umwache hivi hivi. Mwendee nyumbani kwa heshima zote, umweleze kwamba kikundi kinaandika barua na kwamba mngependa awe upande wenu, kwa maana kauli ya “mpeni tu” ikitoka kinywani mwa mwenyekiti, mtendaji huichukua kama ruhusa.

Barua yenyewe iandikwe na kikundi, si na wewe peke yako. Itaje tarehe, ofisi, kiasi kilichotakiwa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Isitukane, wala isibashiri mambo ambayo hamkuyaona. Toeni nakala mbili, mzipeleke masjala ya manispaa, na msiondoke kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo ni rahisi mno kuambiwa haikuwahi kufika.

Kuna suala ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa anayetoa rushwa kama inavyomgusa anayepokea. Uliombwa ukiwa huna njia, lakini ni salama zaidi ueleze mwenyewe mapema kuliko kungoja kuulizwa. Wenzako ambao hawajalipa wasilipe; wapige simu TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kwa namba 113, ambayo haina malipo, au wafike ofisi yao ya mkoa iliyopo hapo hapo Moshi, kabla pesa haijatoka mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ilitungwa kwa ajili ya watu walio katika hali kama yenu.

SWALI: Diwani wetu ana malori ya mchanga na kokoto. Shule ya kata inajenga darasa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi badala ya kumpa kazi mkandarasi, na vifaa vyote vinanunuliwa kwake. Tukiuliza tunaambiwa diwani naye ana haki ya kufanya biashara. Ni kweli?
— Msomaji, Arusha

JIBU: Haki ya kufanya biashara anayo. Asichoruhusiwa ni kukaa katika kikao kinachojadili ununuzi unaomhusu bila kutangaza maslahi yake; wala haruhusiwi kuchangia mjadala huo au kuupigia kura. Diwani pia ni kiongozi wa umma chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, hivyo anawajibika kutoa tamko la mali zake, na mgongano wa maslahi ni jambo ambalo Sekretarieti ya Maadili ina mamlaka ya kulichunguza.

Anzieni na kamati ya manunuzi ya shule. Ombeni kuona muhtasari wa kikao kilichomchagua muuzaji na bei za wauzaji wengine walioshindanishwa. Mkinyimwa, andikeni ombi rasmi kwa mkurugenzi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa siku 30 za kujibu. Ikiwa muhtasari utaonyesha kwamba diwani alitangaza maslahi yake, akatoka nje, na bei yake ndiyo iliyokuwa nafuu, basi hamna kesi naye. Ikiwa hakuna muhtasari kabisa, lalamiko lenu la kwanza ni dhidi ya kamati iliyotumia fedha za umma bila kumbukumbu. La diwani litafuata.