Kocha Kafukuzwa, Aliyesajili Yupo Palepale

Wiki hii simu imejaa. Nusu yenu mnalia na makocha, nusu mnalia na mabosi. Nimechagua maswali matano.

Mkubwa, timu ikifungwa anafukuzwa kocha, waliosajili wanabaki. Haki iko wapi? – Msomaji, Mbagala

Haki sijaiona, ila hesabu naiona. Wachezaji ishirini na tano wana mikataba, mwenye pesa hafukuziki, na kamati ya usajili wengi hatujui hata ilikaa lini. Anayebaki ni kocha. Mkumbuke Robertinho wa Simba. Agosti 2023 alibeba Ngao ya Jamii kwa penalti mbele ya Yanga, pale Tanga. Novemba 5 akala tano kwa moja kwa Yanga haohao, na Novemba 7 hakuwa na kazi. Simtetei: walikwenda mapumziko wakiwa sare ya 1-1, kipindi cha pili kikamshinda. Lakini alifika Msimbazi, yaani Simba, Januari ya mwaka huohuo, na wachezaji wengi aliwakuta.

Antony pale Manchester United, tumlaumu Ten Hag au mabosi? – Mnazi wa United, Dodoma

Wote, ila si kwa kosa moja. Jina ni la kocha, maana alikuwa na winga huyo Ajax ya Uholanzi na alimtaka. Bei ni ya ofisi. Euro milioni 95 mwaka 2022, dirisha la usajili likiwa ukingoni, muuzaji anajua huna pa kukimbilia! Mwaka 2025 Real Betis walimchukua kwa takriban robo ya bei hiyo. Kocha hakai mezani kuvutana na muuzaji, anaomba nyama tu. Aliyerudi na nyama ya bei ya ng'ombe mzima ni mwingine.

Na si Antony peke yake. Julai 2024 mabosi walimwongezea Ten Hag mkataba, Oktoba wakamtimua. Yeye na wasaidizi wake waligharimu klabu pauni milioni 10.4 za kuvunja mikataba. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo, naye akaondoka Desemba baada ya miezi mitano, pauni nyingine milioni 4.1. Kosa la Ten Hag tulilitazama kila wikiendi kwenye runinga. Hili la ofisini lilisubiri taarifa ya mahesabu, ambayo shabiki gani anaisoma?

Sifa za Salah ni za Klopp au za tajiri wa Liverpool? – Msomaji, Mombasa

Kwanza ni za Salah mwenyewe. Baada yake, msikilizeni Klopp, kocha wa Liverpool wakati ule: alikiri hadharani kwamba Michael Edwards, mkurugenzi wa michezo, na watu wake wa kusaka vipaji ndio waliomganda masikioni, mchukue Salah, mchukue Salah. Hilo ni jambo la nadra. Makocha wengi, mchezaji akiwaka, husema walimwona tangu utotoni.

Wamiliki nao wana lao: Januari 2018 walimuuza Coutinho kwa Barcelona kwa bei ya kutisha, na msimu huohuo na ule uliofuata beki Van Dijk na kipa Alisson wakaingia. Ligi ya Mabingwa ikaja 2019. Ila aliyemgeuza Salah kutoka winga mzuri hadi mashine ya mabao ni Klopp uwanjani.

Chelsea wanawapaje wachezaji mikataba ya miaka minane? – Mwanafunzi, Morogoro

Ujanja wa vitabu. Ukimnunua mtu kwa milioni 100, mahesabu hugawa gharama kwa miaka ya mkataba. Miaka mitano ni milioni 20 kwa mwaka. Minane ni 12.5. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliziba mwanya huo mwaka 2023, sasa mgawanyo mwisho miaka mitano, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata. Mkataba wenyewe wa miaka minane unaruhusiwa. Kocha Tuchel, aliyewapa Chelsea kombe la Ulaya 2021, alidumu miezi mitatu na ushee chini ya wamiliki wapya walioinunua klabu 2022. Mchezaji miaka minane, kocha miezi mitatu. Hapo sema mwenyewe nani ana nguvu.

Shikamoo. Nafundisha timu ya mchangani. Mfadhili anatoa jezi na nauli, halafu anapanga kikosi. Nifanyeje? – Kocha, Temeke

Marahaba. Yamenikuta. Aliyetununulia mipira ndiye aliyepanga namba tisa, naye namba tisa alikuwa mpwa wake. Kijana mzuri, salamu zote, lakini mpira ulikuwa unamkimbia. Tukifungwa, mzomewaji mimi.

Usimsubiri Jumamosi asubuhi uwanjani, mbele ya watu hatakubali kushuka. Mfuate nyumbani kabla ligi haijaanza, uende na nahodha na mzee mmoja wa mtaa. Mwambie pesa ni yake, aamue timu isafiri au isisafiri, asajili au asisajili. Kumi na moja wa kuanza ni wako, na ukifungwa mechi tatu mfululizo utaondoka mwenyewe bila kelele. Akikataa, omba akae benchi yeye, siku ya mechi, na filimbi shingoni.