Kusimamia huduma za mifumo: anzeni na daftari

Ndugu mleta mada, umeuliza kama taasisi yenu hapo Arusha, ambayo mifumo yake sasa inazungumza kwa njia ya huduma (yaani programu ndogo ambazo mfumo mmoja huziita ili kupata taarifa au kazi kutoka mfumo mwingine), ianze kwa kununua programu ya usimamizi au kwa kuunda kamati ya usanifu wa mifumo. Nisingeanza na lolote kati ya hayo. Nilikuwa katika kitengo cha tehama cha chama kimoja cha akiba na mikopo huku Moshi, na kilichotufundisha ni sifuri mbili.

Huduma yetu ya kuhakiki mwanachama ilitumiwa na mifumo ya kaunta, mikopo na ujumbe wa simu. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliibadilisha namba ya mwanachama kutoka maandishi kuwa tarakimu, hivyo 004417 ikawa 4417. Kaunta haikuona tofauti, lakini mfumo wa mikopo ukaanza kujibu kwamba mwanachama hayupo, tena siku ya malipo ya kahawa, wazee wa Kibosho wakiwa foleni na vitabu vyao mkononi. Tulikagua nyaya na seva hadi saa nane mchana, kwa kuwa hakuna aliyejua huduma ile inategemewa na nani.

Ndipo tukaunda kamati iliyopitisha kila badiliko. Ilikutana mara moja kwa mwezi, na vijana, wakichoka kusubiri, wakaanza kuchota taarifa moja kwa moja kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zenyewe, bila kupitia huduma, jambo baya kuliko lile la mwanzo.

Kilichotusaidia ni daftari, yaani jedwali moja linaloonyesha kila huduma, mwenye huduma (afisa wa idara, si fundi wa seva), mifumo inayoitumia, toleo lake, na kama inabeba taarifa binafsi. Safu hiyo ya mwisho ilitufaa sana ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuongeza kipengele kisicho cha lazima hakuhitaji kikao. Badiliko linalovunja makubaliano, yaani linalogeuza kile ambacho mifumo mingine inategemea kupokea, hupewa toleo jipya, na la zamani halizimwi hadi kumbukumbu za seva zionyeshe kwamba hakuna anayeliita.

Mwongozo wa usimamizi wa huduma (SOA Governance Framework) wa mwaka 2009 wa The Open Group, shirika la kimataifa la viwango vya tehama, usomeni, ila mchukue kinachowatosha. Programu ya usimamizi inunueni siku jedwali litakapowashinda. Letu lilikuwa na huduma 23, na halikutushinda.