Stroberi: Tafuta Mnunuzi Kabla ya Miche

Wengi wanaoniuliza kuhusu stroberi huanza na miche: aina gani, bei gani, inapatikana wapi. Mimi huwarudisha nyuma: utamuuzia nani? Tunda hili halina subira. Embe unaweza kulichuma likiwa gumu, likaivia njiani. Stroberi ikishatoka kwenye mche inaweza kuongeza wekundu kidogo, lakini utamu umeishia hapo. Kwa hiyo unachuma iliyoiva, na saa inaanza kuhesabu.

Masoko ni mawili. La matunda freshi linanunua kwa macho: tunda liwe kubwa, ling'ae, na vijani vya kichwani visiwe vimenyauka. La kugandisha halina habari na urembo. Dogo au lililopinda linapokelewa, mradi liwe jekundu mpaka ndani, lisiwe na doa la kuoza. Bei ya kilo huwa chini, ila mzigo ambao ungebaki mikononi mwako unapata pa kwenda.

Lakini friza si mahali pa kupeleka yaliyododa. Sehemu ya tisa kwa kumi ya stroberi, na zaidi kidogo, ni maji, na barafu huchana nyama ya tunda. Hata zuri likiyeyuka hulegea. Lililokwisha kulainika huwa uji. Ndiyo maana viwanda hugandisha kwa kasi, tunda moja moja, kisha huhifadhi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukigandisha mwenyewe, ondoa vijani, osha, kausha, panga kwenye trei bila kugusana, na zitie mfukoni zikishaganda. Ukizirundika utapata bonge moja, na mtengeneza mtindi au jamu hataki kuvunja mawe.

Kuna na usafi, ambao wengi wanaupuuza. Baridi haiui virusi: milipuko ya homa ya ini aina A imewahi kufuatiliwa hadi kwenye matunda ya jamii hii yaliyogandishwa. Choo na maji ya kunawa viwe karibu na wachumaji. Vikiwa mbali, hawaendi.

Shambani sina mengi. Udongo usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5 hadi 6.5, matuta yaliyoinuka, matandazo ili tunda lisilale kwenye tope. Moyo wa mche, pale majani yanapochomoza, uwe sawa na uso wa udongo: ukiuzika unaoza, ukiuacha juu mizizi inakauka. Na usipande palipotoka nyanya, viazi, biringanya au pilipili, maana magonjwa ya mnyauko hubaki ardhini.

Pesa inapotelea kwenye kuchuma. Anza asubuhi umande ukishakauka. Mchumaji ageuze tunda aangalie mabega yake, chini ya vile vijani. Pakiwa peupe bado, aliache. Kikonyo kikatwe kwa kucha ya kidole gumba, tunda lisivutwe. La freshi liingie moja kwa moja kwenye kikasha litakalouziwa, bila kuoshwa, kwa sababu kila mkono unaoligusa tena unaacha jeraha, na ukungu wa kijivu unapenda majeraha na unyevu. Mimi huwapa wachumaji vyombo vitatu: cha freshi, cha friza, na ndoo ya yaliyooza, ambayo hutolewa shambani siku hiyo hiyo. Kisha mzigo uende kivulini na kwenye baridi upesi. Karibu na nyuzi sifuri unaweza kukaa kama wiki. Kwenye joto, kesho yake tayari ni hasara.

Ukikutana na mnunuzi, muulize anataka vijani vitolewe au vibaki, kreti ni za nani, anakataa mzigo kwa kigezo gani, na analipa lini. Akisema atalipa akishauza, piga kwanza hesabu ya wachumaji. Wao hawangoji.